Nilivyoacha kukonda: Parkinson, sinia na dagaa wa asubuhi

Kilo 11 zilinitoka bila mimi kujua. Niligundua siku moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, tukipima magunia ya dagaa wa mteja wa Kahama. Nilipanda kwenye mizani, kama tunavyofanya siku zote kazi ikipoa, ikasoma 54. Mwaka uliotangulia nilikuwa 65. Kijana wa mizani akainamisha macho, na nikajua anawaza nini. Huku kwetu mtu akikonda ghafla majibu ni mawili: ameathirika, au kuna mtu amemfanyia kitu. Nilishasengenywa kwa yote mawili.

Nina ugonjwa wa Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo: seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa pole pole. Mkono unaotetemeka kila mtu anauona. Habari ya chakula haisemwi sana, na ndiyo nataka kumwandikia mgonjwa mwenzangu leo, pamoja na yule anayempikia.

Kwangu ugonjwa ulianzia puani. Mfanyabiashara wa dagaa anafanya kazi kwa pua. Unazamisha mkono katikati ya gunia, unatoa konzi moja, unanusa. Dagaa aliyenyeshewa kabla hajakauka ana harufu yake ya uchachu, hata wakimfunika kwa wakavu juu lazima umjue. Mwaka mmoja nilinunua magunia manane, nikayapeleka stoo kwa furaha. Mkwe wangu alipofungua la kwanza akarudi nyuma: "Mama, hawa wameharibika!" Nilinusa tena na tena, sikupata kitu. Nilidhani ni mafua. Mkono wa kulia ulikuja kuanza kutetemeka kama miaka minne baadaye, na daktari ndiye aliyenieleza kwamba kwa wagonjwa wengi wa Parkinson pua hupotea miaka kabla ya mtetemeko.

Chakula kisicho na harufu kinachosha. Ulimi unabaki na chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Sato wa kukaanga niliyekulia naye akawa sawa na kipande cha muhogo. Nikawa nakula kwa sababu saa imefika, halafu hata saa ikifika nasema nitakula baadaye. Kilichonisaidia ni kukitia chakula ukali: ndimu nyingi kwenye mchuzi, tangawizi, pilipili kidogo, kachumbari pembeni. Na kama pua imekufa kama yangu, samaki wa jana asiingie sufuriani mpaka mtu mwingine amnuse.

Lakini kilichonikondesha zaidi ni sinia.

Nyumbani kwangu Igoma tunakula pamoja, ugali katikati, bakuli la mboga pembeni. Napenda kula hivyo na sikutaka kuacha. Sasa angalia mkono wa mtu wa Parkinson. Namega tonge, vidole havikubali kulifinyanga upesi. Nalichovya, mchuzi unamwagika njiani. Natafuna pole pole kwa sababu hata taya na koo vimekuwa vizito. Nikimaliza tonge la tatu wajukuu wameshafika kumi na bakuli linaonekana chini. Hakuna aliyeninyima. Ningesema naongezewa, ila mama mtu mzima anaona haya kuomba mboga mbele ya watoto, basi nasema nimeshiba, nanawa. Mwaka mzima nilisema nimeshiba na watu wote wakaniamini.

Binti yangu wa pili ndiye aliyegundua. Siku moja hakula, alikaa tu ananitazama mpaka mwisho. Kesho yake akanipakulia sahani yangu, yenye kingo zilizosimama, akanikalisha palepale mkekani pamoja nao. Sahani iko mbele yangu mpaka niimalize, hata ikichukua saa nzima, na ikipoa inapashwa moto. Siku za mkono mbaya natumia kijiko cha mpini mnene, tumeuzungushia kitambaa. Wewe unayemuuguza mzazi, usimuulize kama ameshiba. Tazama alichokula.

Samaki wa miiba nao wanataka uangalifu. Koo la Parkinson halimezi kwa uhakika kama zamani. Sato kwangu sasa anachambuliwa kwanza, au tunapika mnofu wa sangara. Nakula nimekaa wima, simu na mazungumzo vinasubiri. Ukiona mgonjwa wako anakohoa kila akinywa maji, au sauti inakuwa na majimaji baada ya kula, mpeleke hospitali mapema, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu.

Sasa dawa. Hospitali ya Bugando nilianzishiwa levodopa pamoja na kabidopa, kidonge kinachoupa ubongo malighafi ya kutengeneza dopamini. Wiki za mwanzo nilitembea vizuri mpaka nikamshukuru Mungu kwa sauti. Baada ya miaka miwili vikaanza visa: asubuhi nyingine kidonge kinashika baada ya nusu saa, nyingine hakishiki kabisa, nakaa kwenye kigoda kama nimefungwa kamba mpaka saa 5. Nilidhani nauziwa dawa feki. Muuguzi wa kliniki aliniuliza swali moja tu: unameza na nini?

Nilikuwa nameza na kifungua kinywa changu cha miaka yote, kiporo cha ugali na dagaa.

Levodopa inafanana kwa umbile na chembe zinazotokana na protini. Zote zinapita mlango mmoja kwenye utumbo, na mlango mmoja tena kuingia kwenye ubongo. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwa hiyo kidonge changu kilikuwa kinafika mlangoni kikute foleni. Mtu wa kandokando ya ziwa anakula samaki asubuhi, mchana na jioni, halafu anashangaa dawa haimkubali.

Sikuacha samaki. Nasisitiza hili kwa sababu namjua mgonjwa aliyesikia habari ya protini nusu nusu akaacha samaki, maziwa na maharage, akabaki mifupa. Bila protini misuli inaisha na utaanguka. Mimi nimehamisha tu. Kidonge nameza na maji matupu saa 12 asubuhi, nakaa dakika 30 hadi 45, ndipo nakula. Asubuhi nakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, au viazi vibichi vya kuchemsha, uji wa muhogo, parachichi, ndizi. Mchana ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, na mboga za majani zilizoungwa mafuta ya kutosha. Samaki wangu wote, sehemu ya kutosha kabisa, nawala jioni, wakati hata mwili ukikakamaa kidogo sina pa kwenda. Kama dawa yako inashika vizuri na chakula chochote, huna haja ya kuhama hivi, na kama unataka kuhama ongea na daktari wako kwanza.

Wengine kidonge kikikutana na tumbo tupu kinaleta kichefuchefu. Kipande cha kiazi au biskuti kavu kinatosha kukituliza. Hapa niliponea chupuchupu: nilikwenda duka la dawa kuomba cha kuzuia kutapika, nikapewa metoklopramidi. Siku mbili nilizidi kukakamaa, mate yakinitoka, na watoto wakadhani ni kiharusi. Dawa hiyo inaizuia dopamini, na dopamini ndiyo inayotupungukia sisi. Iandike kwenye daftari lako kwa herufi kubwa, umwonyeshe kila anayekuandikia au kukuuzia dawa.

Choo kigumu nacho kinaua hamu ya kula, maana tumbo lote linakwenda taratibu na unashiba kwa vijiko vitano. Maji, papai, mboga, kutembea hata hadi barabarani na kurudi. Nakula kidogo mara tano kwa siku.

Kuna wanaoelekea upande wa pili. Baba mmoja wa Sengerema tunayekutana kliniki alinenepa kilo 9 akiwa kwenye dawa nyingine, ya kundi linaloiga dopamini. Alikuwa anaamka usiku wa manane anamaliza mkate mzima, kisha anaficha mfuko. Aliona aibu miezi mingi, akidhani ni tabia mbaya imemwingia uzeeni. Dawa za kundi hilo zinaweza kumpa mtu tamaa asiyoweza kuizuia, ya kula, ya kamari, ya kununua vitu. Alipomwambia daktari, dozi ikapunguzwa kidogo kidogo. Usiikatishe mwenyewe kwa ghafla, hata kama imekukera.

Na kukonda kusisingiziwe Parkinson bila kupima. Misuli inayotetemeka kutwa inachoma nguvu hata ukiwa umekaa, kweli, lakini mimi nilipimwa pia kifua kikuu, VVU, sukari na tezi ya shingo, na nikaulizwa kama nina huzuni. Nilikuwa nayo. Zahanati ya kwanza niliyokwenda iliniambia ni vidonda vya tumbo, nikameza dawa za vidonda miezi saba.

Siku hizi napima uzito kila Jumamosi asubuhi kabla ya kunywa kitu, kwenye mizani ileile, na kitenge kilekile. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni 5%, tayari ni habari ya kumpelekea daktari. Naandika tarehe, kilo, saa ya kidonge, nilichokula kabla yake, na saa mkono ulipotulia. Jumamosi hii ni 61. Kijana wa mizani ndiye anayenisomea, na siku hizi anaisoma kwa sauti.