Kabla hujaigusa ruta, uliza saa

Wewe unayeanza kazi ya mitandao hapa Amu, mteja akikupigia kwamba intaneti inakatika, usimwambie azime ruta na kuiwasha. Akiizima, hesabu za makosa zilizomo ndani hurudi sifuri, na hizo ndizo zingekueleza pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinapotelea wapi. Muulize kwanza inasumbua saa ngapi, uandike daftarini kwa siku kadhaa.

Nyumba ya wageni inayolemewa kila siku saa mbili usiku ina foleni tu: wageni wamerudi kutoka ufukweni Shela na kila mmoja anapakia video zake. Lakini kuna tatizo linalohama. Jana lilianza saa nne asubuhi, leo saa tano kasoro kumi, na kesho litasogea tena kama dakika 50. Hayo ni maji. Ikiwa laini ya mteja inavuka mkondo kwa redio, tuseme kutoka Mokowe, wimbi la redio hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na lile lililogonga uso wa bahari likaruka. Bahari ikijaa na kupwa, urefu wa njia ya pili hubadilika, na kuna vimo vya maji ambapo mawimbi hayo mawili hufutana. Siku za bamvua, bahari inapopanda na kushuka zaidi, utaliona waziwazi.

Hakuna mpangilio wa ruta unaoponya hilo. Panda darini ubadilishe kimo cha antena, au uirudishe nyuma kidogo ili ukingo wa paa uzuie wimbi linalotoka majini huku antena ya ng'ambo ikibaki inaonekana. Kama huna jedwali la maji, waulize wavuvi pale gatini. Mimi nawaamini kuliko simu yangu.

Saa isipokupa jibu, ikate njia vipande vipande. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo, uipigie ruta yenyewe ping (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) mara mia kadhaa. Inatakiwa ijibu chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo, bila kupoteza hata moja. Ikipoteza, tazama makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) kwenye tundu la kebo, kisha kitazame kichwa cha kebo chenyewe: hewa ya chumvi hula vile vishaba, na dawa ni kukata na kubana kichwa kipya.

Kebo ikiwa safi lakini waifai inapoteza, lawama ni ya kuta. Mawe ya matumbawe na chokaa ni mazito. Masafa ya waifai ya 5 GHz hufia humo. 2.4 GHz hupenya zaidi, ila majirani wote wamejazana hapo, basi chagua chaneli 1, 6 au 11. Afadhali uvute kebo hadi ghorofa ya pili uweke kituo kingine cha waifai. Usitoboe ukuta bila idhini. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001.

Ndani kukiwa kuzuri, tumia mtr, programu inayopima kila kituo (ruta) njiani, kupima njia ya nje. Hapa wanagenzi wengi hupotoka. Ruta za katikati hazina haraka ya kujibu ping, kwa hiyo kituo cha nne kikionyesha hasara ya asilimia 60 na cha mwisho sifuri, hakuna kilichopotea. Hasara ya kweli huanza mahali fulani ikaendelea hadi mwisho wa safari.

Ile foleni ya usiku nayo ina kipimo chake. Acha ping iendelee huku mtu akipakia faili kubwa. Muda wa jibu ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi 800, pakiti zinarundikana mahali fulani zikingoja zamu. Weka kikomo cha upakiaji kama asilimia 90 ya kasi uliyoipima saa mbaya kabisa, na uwashe fq_codel au CAKE (mbinu za kupanga foleni ya pakiti) kama ruta inazo. Pakiti chache zitadondoka, na ziache zidondoke: TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data, huzitumia kujua kwamba ipunguze mwendo.

Mteja wa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta mweleze tu kwamba karibu nusu sekunde ya kuchelewa ni safari yenyewe.

Ukimpigia mtoa huduma, uwe na saa, anwani ya kituo hasara inapoanzia, na matokeo ya kebo. Ya waifai hawatayasikiliza, na wana haki.