Anza na Matundu: Kwa Wanaoanza Kushona Vigae na Lubugo

Wadogo zangu, kazi yangu ya kwanza ya kushonea vigae vya udongo kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti, iliharibikia kwenye matundu. Nilifinyanga vigae arobaini kwa udongo wa Kajjansi, Uganda, nikavichoma, ndipo nikaanza kutafuta pa kupitishia sindano. Nilipoweka keekee, vilipasuka kimoja baada ya kingine.

Toboa mapema, udongo ukiwa umekazana lakini bado ni wa baridi ukiugusisha shavuni. Acha walau sentimita moja kutoka ukingoni. Kisha lainisha tundu pande zote mbili kwa sponji yenye maji. Wengi husahau upande wa nyuma, na huo ndio unaokata uzi baada ya miezi michache. Ukipaka gleizi, yaani mpako unaoyeyuka na kung'aa kama kioo, zibua kila tundu kwa kijiti kabla ya kurudisha kigae tanurini, maana itayeyuka na kuliziba. Mimi hushonea uzi wa nailoni wanaotumia mafundi viatu. Ule wa pamba haukawii kulika.

Udongo husinyaa ukikauka, na husinyaa tena ukichomwa. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha majaribio. Ukitoka tanurini na sentimita 9, umepoteza asilimia 10. Kwa hiyo usikate kitambaa kabla ya kupima vigae vilivyokwisha kuiva.

Kuhusu kitambaa, tumieni lubugo. Ni gome la ndani la mti wa mutuba, lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka. UNESCO iliitambua kazi hiyo ya Buganda mwaka 2005. Rangi ya lubugo inakaribia mno ile ya udongo uliochomwa, na ndiyo sababu naona vitu hivi viwili vilikuwa vikingojeana. Lubugo halikufumwa, hivyo halichomoki nyuzi ukingoni, ila kigae kizito hulichana palipopita sindano. Ndipo mfarishi unapofaa: lubugo juu, pamba katikati, bitana ya amerikani chini, na kila mshono unaoshika kigae upite tabaka zote tatu.

Mvua ina neema na taabu zake. Magome huvunwa majira ya mvua, lakini majira hayo hayo vigae hukawia kukauka. Hata hivyo usiviharakishe: vifunike kwa nailoni, uvigeuze kila siku, vikauke sawasawa. Kigae chembamba kikikauka upande mmoja kwanza hupinda, na kilichopinda hakilali juu ya kitambaa.

Iko njia nyingine ninayoipenda zaidi: shona kipande kidogo cha mfarishi kwa pamba tupu, kichovye kwenye uji wa udongo mara kadhaa, kikauke, kisha ukichome. Kitambaa huteketea, udongo hubaki na alama za mishono yako. Usitumie poliesta, moshi wake ni sumu. Hata wa pamba si wa kuvuta: tanuri liwe mahali penye hewa. Pandisha joto taratibu, hasa ukikaribia nyuzijoto 573 za Selsiasi, ambapo chembe za kwatzi, madini yaliyomo ndani ya udongo, hutanuka ghafla na kupasua kazi.

Kabla ya kushona, gonga kila kigae kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa mlio mfu, kiweke kando. Na siku ya kutundika usipige misumari kwenye lubugo. Shona mfuko mrefu nyuma, juu kabisa kwenye bitana, upitishe ufito, uzito ugawanyike.