Pumzi Unayo, Miguu Bado

Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, naona kila kiwanja cha mtaani hapa Dar kina mtu anayetaka kuhamia mbio ndefu. Wacheza ndondo, yaani soka la mtaani, mabondia, kina dada wa netiboli kama nilivyokuwa mimi. Na malalamiko ni yaleyale: pumzi ninayo, mbona ugoko unauma?

Unauma kwa sababu pumzi unayo. Moyo na mapafu vimezoea kazi, kwa hiyo vinakuruhusu kwenda mbali kabla mifupa na kano hazijawa tayari. Netiboli ni kuruka, kusimama ghafla, kugeuka. Kwenye soka mtu anachomoka, anatembea, anabishana na refa. Mbio ndefu ni pigo lilelile mara maelfu, na kila mguu ukitua unabeba uzito wako mara mbili hadi tatu. Mfupa uliopewa kazi mpya humegwa kidogo kwanza ndipo ujengwe upya, hivyo wiki za mwanzo, unapojiona umeiva, ndipo ulipo dhaifu. Kano nazo huchukua miezi.

Basi usiongeze mbio juu ya mchezo wako, badilisha. Ulikuwa na mazoezi siku 4? Toa 2, weka mbio. Kuna vijana wanapiga mechi Jumamosi jioni, Jumapili alfajiri wako na kikundi cha jogging mpaka Coco Beach, halafu wanalaumu raba. Achana na kilomita, hesabu dakika: 20 za kukimbia na kutembea, siku zisizofuatana. Inaboa, najua.

Kuhusu kasi, vikundi vyetu vya jogging vina kipimo kizuri kuliko saa yoyote. Wimbo ukianzishwa, unaitikia bila kukatika? Kama huwezi, punguza, hata wenzako wakikuacha. Joto la Januari na Februari likipanda, punguza tena.

Wengi hukimbilia mchanga wa ufukweni wakidhani unahurumia magoti. Kwenye mchanga mkavu kisigino kinazama na kano yake inavutwa kila hatua. Baada ya muda unaamka asubuhi unachechemea kwenda chooni. Maji yakipwa, mchanga mgumu ni afadhali, ila umeinama kuelekea baharini. Ukienda nusu ya muda, geuka urudi, ili mguu uliokuwa upande wa chini nao upumzike.

Raba za mtumba za soko la Karume si mbaya. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama kandambili iliyokaa juani, imekufa. Kisha weka kiatu mahali tambarare, kitazame kwa nyuma. Kimeegemea upande? Mrudishie muuzaji.

Ugoko ukianza kuuma, pitisha kidole ukingo wake wa ndani. Maumivu yakiwa yametandaa eneo refu na yanapungua ukishapasha misuli, punguza mbio, ogelea au endesha baiskeli mpaka yaishe. Yakiwa pointi moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au yanauma hata umelala, acha kukimbia siku hiyohiyo umwone daktari. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na dawa ya kuchua haizibi ufa. Eksirei ya mapema mara nyingi haiuonyeshi, kwa hiyo picha ikitoka safi na pointi ileile bado inauma, usirudi barabarani. Rudi kwa daktari.