Usikimbilie kulipia kozi ya CNA

Dada, umeuliza kama ulipie kozi ya CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) hapo Texas. Usilipe kwanza. Pigia simu nyumba za wazee zilizo karibu nawe, uliza kama wanafundisha wenyewe. Sheria ya Marekani inakataza nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) kumtoza ada ya mafunzo mtu iliyemwajiri au kumwahidi kazi, hata ya vitabu. Ukilipa mwenyewe, kisha nyumba kama hiyo ikakuajiri ndani ya miezi 12 tangu umalize, dai urudishiwe. Wengi wetu hatulijui hili na pesa zinapotea bure.

Kiwango cha chini cha mafunzo haya kwa nchi nzima ni saa 75. Texas ni 100, California 160.

Baada ya kozi kuna mtihani. Ule wa nadharia unaweza kuomba usomewe kwa sauti. Wa vitendo ndio unaoangusha watu. Jizoeze nyumbani na mumeo au mtoto: kunawa mikono, kumgeuza mgonjwa, kuhesabu mapigo. Na pazia, dada! Lifunge kabla hujamvua mzee nguo. Mimi nililisahau mara ya kwanza, nikarudia mtihani.