Maswali yenu: Tundu la ozoni limeziba?

Ozoni ni kitu gani hasa?
Ni jamaa wa oksijeni tunayovuta, ila molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Nyingi iko kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu. Neno "tabaka" huwafanya watu wafikirie blanketi lililotandazwa, kumbe imetawanyika mno. Ungeikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako na kuishusha hadi usawa wa bahari, unene wake ungekuwa milimita 3 hivi, kama sarafu mbili zilizopandana.

Kitu chembamba hivyo kinatukinga na nini?
Na miali ya urujuanimno (ultraviolet), ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Iliyo kali kabisa haitufikii. Ya kati, inayobabua ngozi na kuchangia mtoto wa jicho, humezwa sehemu kubwa. Mwali ukiigonga ozoni huivunja, kisha vipande huungana upya, na joto hubaki hewani. Ndiyo maana huko, kadiri unavyopanda, joto huongezeka.

Mbona tunaambiwa ni sumu?
Ikiwa huku chini, ndiyo. Moshi wa magari ukipigwa na jua huizalisha, nayo huwasha mapafu.

Tundu lilitokeaje Antaktika, ambako hakuna viwanda?
Swali hili nalipenda. Gesi za CFC, zenye klorini ndani yake, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, hazichakai upesi, hivyo upepo huzisambaza dunia nzima na kuzipandisha. Huko juu miali huzipasua, klorini ikatoka, na atomu yake moja huvunja maelfu ya molekuli za ozoni. Baridi ya Antaktika, chini ya nyuzi -78, hufanya mawingu ambayo juu ya chembe zake klorini iliyolala huamka. Jua likirudi mnamo Septemba, uharibifu unaanza. Wanasayansi Waingereza Farman, Gardiner na Shanklin waliutangaza mwaka 1985 kutokana na vipimo vya kituo cha utafiti cha Halley, huko huko Antaktika. Tundu lenyewe si uwazi, ni eneo ambalo ozoni imepungua mno.

Ndilo linaloongeza joto duniani?
Hapana, ingawa watu huvichanganya kila siku. Mkosaji mkuu ni kabonidioksidi. CFC nazo hunasa joto, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Basi limeziba?
Bado, linapona. Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa, ilianza kuzibana CFC, na wanasayansi wanatarajia Antaktika irudi ilivyokuwa 1980 kufikia mwaka 2066 hivi. Baadhi ya gesi hizo hudumu hewani karibu miaka 100. Iliyovuja kwenye jokofu la babu yako huenda ingali huko juu.