Barua kwa mwanangu: majina na pesa kwenye kikundi cha matanga

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kutoka Nakuru nimeupata. Unasema kamati imekuchagua mweka hazina wa mazishi ya baba yako mdogo, na wazee wanataka kila jioni utume kwenye kikundi cha WhatsApp orodha ya waliochanga, kila jina na kiasi chake. Binamu zako wanasema huko ni kuaibisha watu. Unaniuliza usikie la nani.

Orodha iandike yote, kwenye daftari, isikose hata shilingi hamsini. Kwenye simu tuma jumla ya pesa na matumizi, bila kumtaja mtu na alichotoa. Ukifanya hivyo wazee watapata haki yao, na binamu zako pia watapata yao.

Wazee usiwadharau katika jambo hili. Huku kwetu Magharibi mchango wa matanga hurudishwa. Mama yako mdogo, mjane wa marehemu, atalihitaji hilo daftari miaka mingi, maana jirani aliyemletea gunia la mahindi akifiwa naye, atataka kujua ampelekee nini. Kabla ya M-Pesa kuja mwaka 2007, mwandishi alikaa mezani uani, akapokea noti mkononi, majina yakasomwa mara moja mbele ya waliohudhuria, daftari likafungwa. Aliyetoa mia moja alisomwa mia moja, lakini wale wale waliomsikia walikuwa wamemwona asubuhi akipasua kuni na kuchota maji. Walimjua mzima.

Kwenye simu huonekana pesa peke yake. Mtu aliyelala matangani wiki nzima akilinda moto hana mstari wake kwenye orodha, na aliye mbali aliyetuma elfu kumi kwa dakika moja ndiye anayeongoza. Kisha orodha hiyo haifungwi. Kikundi kimoja cha WhatsApp hubeba hadi watu 1,024, na yeyote kati yao anaweza kuipiga picha ya skrini na kuituma kwa wakwe, kazini au kwa anayemdai ndugu yake. Aliyetoa mia mbili kwa sababu karo imemkaba ataonekana bahili mbele ya watu wasiojua habari zake. Aliyetoa elfu ishirini atapigiwa simu za kukopwa kuanzia kesho yake. Wapo pia wanaochukua mkopo wa simu ili jina lao lisikae chini, kisha wanarudi kwao na deni baada ya mazishi ya mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mambo haya. Na alama za buluu nazo zimeleta hukumu mpya: ukisoma tangazo usijibu, wengine wanakuhesabu umekataa.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza kabisa, angalia laini utakayopokelea. Kama ina deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, usiitumie hata kidogo. Pesa yoyote inayoingia M-Pesa hukatwa papo hapo kulipa Fuliza, iwe yako au ya matanga, na utajikuta unaeleza kamati pesa zilikokwenda wakati hukuzigusa. Lipa deni hilo kwanza, au tafuta laini safi isiyo na mkopo. Laini hiyo usinunulie hata kredi yako mwenyewe, maana pesa zako zikichanganyika na za mchango, hesabu haitafunga.

Akaunti ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Bajeti ikikaribia hapo, usingoje ijae; lipa mochari na jeneza mapema, moja kwa moja kwa namba zao za Paybill au Till. Pesa zisizopita mkononi mwako huacha alama yake, na hupotezi ada ya kutoa kwa wakala. Tena bili ya mochari huongezeka kila siku, kwa hiyo ni bora ijulikane mapema.

Daftari lipige safu tano: tarehe, namba ya muamala, jina lililotokea kwenye meseji, kwa niaba ya nani, na kiasi. Safu ya nne ndiyo itakayokuokoa. Watu wengi hutuma kwa simu ya mke, ya mwana, ama kwa wakala, na jina linalokuja si la mwenye mchango. Pesa kutoka ng'ambo mara nyingi huingia kwa jina la kampuni iliyozituma. Ukiandika majina ya meseji tu, shemeji yako aliyetuma kutoka Uingereza ataonekana hakutoa kitu, na ugomvi huo utadumu kuliko msiba. Kila pesa ikiingia, mtumie aliyetuma ujumbe wa asante kwake peke yake, umuulize: niandike kwa jina la nani? Hapo anapata risiti yake pia.

Meseji zisikudanganye. Kuna za kughushi zinazofanana kabisa na za M-Pesa, na picha ya skrini hubadilishwa kirahisi. Kabla ya kuandika kitu daftarini, angalia salio kwenye simu yenyewe. Kila jioni watu wawili wa kamati, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, walinganishe daftari na taarifa ya M-Pesa, kisha watie sahihi chini ya ukurasa. Akitokea mtu aliyetuma kimakosa mahali pengine, mwambie apeleke ile meseji ya uthibitisho kwa namba 456 ya Safaricom mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa.

Wezi hupenda vikundi vya matanga. Mmoja anaingia kwa kiungo kilichosambazwa, anaweka picha yako na jina lako, kisha anaandika: namba imebadilika, tumeni kwa hii. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya kikundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe, na kila anayetaka kujiunga akubaliwe na msimamizi. Rambirambi na mazungumzo yawe na kikundi chao. Tangaza namba moja na jina litakalotokea mtu anapotuma, na useme wazi kwamba namba haitabadilika hata siku moja.

Ujumbe wa jioni unaweza kuwa hivi:

"Hadi leo Jumanne saa 2 usiku mmechanga 186,400. Tumelipa hema na viti 15,000, na nusu ya jeneza 20,000. Zimebaki 151,400. Bajeti yote ni 310,000. Vilivyofika nyumbani: mahindi magunia 2, kuku 6, kuni pikapu moja. Wanaopika na kuchota maji tunawashukuru. Anayetaka kuona mchango wake daftarini ampigie mweka hazina."

Huo mstari wa vitu na wa kazi usiuache. Bila huo, nyumba nzima ya watu wa kijijini inafutwa kwenye hesabu. Risiti za matumizi zipige picha uzitume, hizo hazina aibu kwa mtu. Lakini meseji za M-Pesa usizitume kikundini, kwa sababu zinabeba jina la aliyetuma na salio la laini yako.

Mzee akishikilia kwamba bila majina watu hawatatoa, mwambie hivi kwa adabu: majina yatasomwa nyumbani usiku wa mkesha, kutoka daftarini, bila kiasi, pamoja na walioleta vyakula na waliofanya kazi. Nadhani wengi watakubali. Wazee wenye simu za kabambe wapigie wewe mwenyewe jioni uwape jumla. Hawako kwenye kikundi, na msiba ni wao kuliko wetu.

Habari za kifo zisipite mbele ya wenyewe. Watoto wa marehemu walioko shule za bweni wasijue kwa picha ya mshumaa kwenye simu ya mwenzao. Na picha ya mwili, hata mmoja wa ukoo akiipiga, ifutwe. Msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kikundini, basi tumia uwezo huo bila kuogopa lawama.

Mazishi yakiisha, ndani ya wiki moja tuma hesabu ya mwisho: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Zilizobaki mpe mama yako mdogo, na mashahidi wakiwepo. Daftari mkabidhi yeye mwenyewe mkononi, si shemeji zake. Ukishamaliza hayo, kifunge kikundi, kisigeuke cha siasa na biashara huku jina la marehemu likiwa bado juu yake. Na nakala ya orodha iliyoko kwenye simu yako, ifute.

Ukija Ijumaa, pitia Kakamega tuje wote Butere. Nitakuwa na wale wawili wa kutia sahihi.

Ni mimi baba yako.