Shabaha za pinboli zimepasuka na hazianguki inavyotakiwa: nigundishe au nibadilishe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Columbus, Ohio. Nimenunua mashine ya zamani ya pinboli, ule mchezo wa kupigapiga mpira wa chuma juu ya ubao. Ni Flash ya kampuni ya Williams ya 1979, niiweke saluni kwangu wateja wacheze wakisubiri kunyolewa. Flipa, vile vikono vinavyoupiga mpira, nimeshazitengeneza na sasa zinapiga kwa nguvu. Shida ni shabaha, vile vibao vya plastiki vinavyogongwa na mpira ili kupata pointi. Kati ya zile zinazosimama, mbili zimepasuka na kulalia nyuma, na moja haihesabu pointi hata igongwe vipi. Kati ya zile zinazoanguka, moja imekatika, nyingine inagongwa lakini haianguki, na mbili zinaanguka zenyewe mara tu seti (safu ya shabaha zinazoinuliwa pamoja) inapoinuliwa. Rafiki yangu ameniambia nigundishe zilizopasuka kwa supagluu na nisugue kontakti za swichi (ncha zake zinazogusana) kwa msasa. Kulehemu najua kidogo. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza weka msasa pembeni. Mashine yako ni ya elektroniki, na swichi za ubao wa kuchezea hupitisha umeme mdogo sana. Kontakti nyingi za aina hiyo zimepakwa tabaka jembamba la dhahabu ili zisishike kutu. Ukizisugua mara moja, dhahabu imekwenda, na baada ya miezi michache swichi itakuwa inahesabu leo na kesho inakataa. Kusugua kwa tupa kunafaa kwenye mashine za kizazi kilichotangulia, zile zisizo na kompyuta, kwa sababu kontakti zake ni nene na hupitisha umeme mkubwa unaotoa cheche. Huenda rafiki yako alijifunzia huko. Kwa yako, chukua kipande cha karatasi ngumu kama kadi ya biashara, kilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kibane katikati ya kontakti mbili kwa kidole, kisha kivute taratibu. Rudia mpaka karatasi itoke safi.

Kuhusu gundi, jibu langu ni hapana. Mpira wa pinboli ni chuma kitupu chenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa takriban gramu 80, na wewe umetoka kuzipa flipa nguvu mpya. Plastiki iliyopasuka haitavumilia pigo hilo kwa sababu ya tone la supagluu. Itaachia tena, na safari hii kipande kinaweza kuangukia ndani ya seti na kuzuia shabaha za jirani. Lakini hata ukinunua shabaha mpya leo na kuifunga pale pale, nayo itapasuka usipotazama kilicho nyuma yake. Uso wa shabaha haukuumbwa kupokea pigo peke yake. Pigo hilo hupokelewa na bapa la chuma linalonesa, sponji iliyo nyuma, kishikizo kinachoifunga kwenye ubao, skrubu na mbao. Kimojawapo kikichoka, plastiki ndiyo inayolipa.

Kabla hujagusa chochote, zima mashine na uchomoe plagi ukutani. Toa kioo, toa mpira, ndipo uinue ubao na kuuegemeza kwenye mti wake. Nasisitiza plagi kwa sababu koili (waya uliozungushwa unaosukuma chuma ukipata umeme) za mashine za Williams za miaka hiyo hutumia volti 28, na mguu wa koili hauko mbali na mguu wa swichi. Bisibisi ikiigusisha miguu hiyo miwili wakati mashine inawaka, volti hizo zinakimbilia kwenye bodi ya kompyuta na kuunguza chipu zinazosoma swichi. Nimepokea mashine nyingi zilizoharibika kwa njia hiyo tu, mikononi mwa watu waliokuwa wanarekebisha kitu kidogo. Kisha piga picha za kila shabaha ukiwa chini ya ubao, rangi za waya zionekane, na daiodi pia, kile kipande kidogo kwenye swichi kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

Tuanze na zinazosimama. Sukuma kila moja kwa kidole polepole na uangalie kwa nyuma. Utaona bapa la mbele lililobeba uso wa plastiki likisogea mpaka kontakti yake iguse ya bapa la nyuma. Pengo kati yake likiwa milimita moja hadi moja na nusu, linafaa. Kati ya uso na kishikizo panatakiwa pawe na sponji. Kwenye mashine ya 1979 nina hakika utakuta unga mkavu, au gundi ya zamani tu. Sponji ikiisha, bapa hupinda mpaka mwisho kila linapogongwa, na baada ya muda halirudi tena. Huko ndiko kulalia nyuma unakokuona, na madhara yake si ya sura tu: shabaha iliyolala huurusha mpira juu. Mpira ukiruka unagonga kioo, unavunja plastiki za pambo, au unaishia mahali ambapo hautoki bila kufungua mashine. Shabaha isimame wima kabisa, au ielemee mbele kidogo sana, lakini kamwe isilalie nyuma.

Bapa lililopinda mara moja unaweza kulinyoosha. Lililokwisha kunyooshwa na wenzako mara kadhaa litakatika pale linapoingia kwenye rundo la vitenganishi (vipande visivyopitisha umeme vinavyotenganisha mabapa), kwa hiyo libadilishe. Na kabla ya kunyoosha chochote, kaza skrubu mbili zinazobana rundo hilo. Ni hatua inayorukwa kila siku: mtu anahangaika kupinda bapa nusu saa, anapata pengo zuri, kisha skrubu zilizolegea zinaliharibu kwa mchezo mmoja. Ukishakaza, rekebisha pengo kwa kupinda bapa la nyuma, na upinde karibu na shina, si kwenye ncha.

Kwa hizo mbili zilizopasuka, nunua swichi nzima iliyokamilika: uso, mabapa na kishikizo chake. Uso peke yake unaweza kubadilishwa kwa kutoboa ribiti za zamani na kupiga mpya, ila bila kifaa cha ribiti utapasua uso mpya siku hiyo hiyo. Unapoagiza, linganisha umbo, rangi, na zaidi ya yote upande ambao kishikizo kinakaa, maana kuna kinachofungwa mbele ya shabaha na kinachofungwa nyuma, na picha za mtandaoni hazionyeshi tofauti hiyo vizuri. Namba ya kipuri imo kwenye kitabu cha mashine. Maduka kama Marco Specialties na Pinball Life huuza vipuri hivi hapo hapo Marekani.

Daiodi isikutishe. Kila swichi ya ubao ina ya kwake, na ikiwa mpya haikuja nayo, 1N4004 inafaa. Kinachotakiwa ni mstari uliochorwa kwenye daiodi uelekee upande ule ule uliokuwa mwanzo, na hapo ndipo picha zako zitakuokoa. Ukiigeuza, shabaha hiyo haitahesabu. Usilehemu huku uso wa plastiki ukigusa ncha ya pasi, na usiipashe daiodi moto kwa muda mrefu.

Kabla ya kufunga, jaribu matundu ya skrubu kwenye ubao. Plaiwudi ya miaka zaidi ya arobaini mara nyingi imelika, skrubu inazunguka bila kushika. Jaza tundu kwa njiti za meno zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao, zikate zilingane na ubao, ziache zikauke usiku kucha, kisha toboa tundu jembamba na ufunge. Usitumie skrubu ndefu zaidi. Itatokea upande wa pili na kuharibu mchoro ambao huwezi kuununua. Kisha bandika sponji mpya yenye gundi nyuma ya uso, mbali na kontakti.

Sasa zinazoanguka. Aina hii ilianza kuonekana mwaka 1962 kwenye Vagabond, nayo ya Williams, iliyotengenezwa Chicago kama yako, na namna inavyofanya kazi haijabadilika sana. Shabaha ina kidato kinachokaa juu ya ukingo, na springi inaivuta chini. Mpira ukigonga, shabaha inasogea nyuma, kidato kinatoka kwenye ukingo, springi inaishusha. Seti ikimalizika, koili inazisukuma zote juu tena.

Kwa mpangilio huo, dalili zako zinajieleza. Ile isiyoanguka ina uchafu, springi iliyochoka au iliyochomoka, au kidato na ukingo vilivyolika vikaanza kung'ang'aniana. Zile mbili zinazoanguka zenyewe, ama kidato chao kimekuwa mviringo, ama haziinuliwi vya kutosha. Angalia hilo la pili kwanza kwa sababu halihitaji kipuri: sukuma kiini cha koili (chuma kinachoingia na kutoka ndani yake) kwa mkono mpaka mwisho. Kila shabaha inapaswa kupita juu ya ukingo kwa milimita moja au mbili, ndipo irudi kukaa. Zinazofeli zikiwa upande mmoja wa seti, chuma cha kuinulia kimepinda. Zote zikiinuka kwa shida, fungua koili uone mrija wa ndani na kituo kinachosimamisha kiini. Kituo kilichogongwa miaka mingi hutanuka kichwa na kufupisha mwendo.

Seti itoe nzima uifanyie kazi mezani. Shika springi kwa uangalifu, zinaruka. Futa vumbi jeusi kwa alkoholi kwenye njia za shabaha na kwenye ukingo, na baada ya hapo usitie mafuta yoyote, wala grisi, wala dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu. Mafuta hukusanya vumbi hilo likawa tope, na dawa nyingi za kupulizia zinawaka moto karibu na koili. Njia za plastiki hufanya kazi zikiwa kavu. Usikate springi ili ivute zaidi. Nunua ya saizi yake.

Hapa nakushauri usibanie pesa. Shabaha moja ikikatika, wenzake wa seti ile wana umri ule ule na wamepigwa mapigo yale yale. Badilisha zote kwa pamoja, za seti ya shabaha tatu na za seti ya tano, maana kufungua ndiyo kazi, kuweka moja au tano ni muda ule ule. Shabaha mpya za leo wakati mwingine ni nene kidogo. Ijaribu kila moja kwenye njia yake kabla ya kufunga springi. Inapaswa kushuka kwa uzito wake. Ikikwama, punguza ule mwinuko mwembamba ulioachwa na kalibu kingoni kwa msasa laini, na usiguse kidato. Hapo msasa una kazi yake.

Ukimaliza, tupa mpira wa zamani na ununue mpya. Mpira wenye kutu au mikwaruzo huparua ubao na kula uso wa shabaha ulizotoka kulipia, na mpya ni kipuri cha bei ndogo. Baada ya michezo ya wiki ya kwanza, fungua tena ukaze skrubu zote ulizogusa.

Imebaki ile moja isiyohesabu. Ukiisafisha kwa karatasi na kukaza rundo, washa mashine na uingie kwenye jaribio la swichi kwa vitufe vilivyo ndani ya mlango wa sarafu. Bonyeza shabaha kwa mkono. Namba yake ikitokea, umemaliza. Isipotokea, kumbuka kwamba swichi zimepangwa kwenye jedwali la mistari 8 ya wima na 8 ya mlalo, na waya mmoja hupita kutoka swichi hadi swichi. Jaribu nyingine zenye waya wa rangi ile ile. Nazo zikiwa kimya, waya umekatika au kulegea njiani kabla ya kufika kwenye shabaha yako. Zikihesabu, badilisha daiodi ya ile moja. Na ukibonyeza shabaha moja ikatokea namba ya nyingine, niandikie ukinitajia namba zote mbili na rangi za waya zake, nitakuonyesha daiodi ya kutazama.